Kazi Iliyobaki Mwilini: Utangulizi wa Uhifadhi wa Dansi ya Enzi ya UKIMWI

Huenda umekichukua kitabu hiki bila kujua dansi ya kisasa ni kitu gani, au uliwahi kuitazama mara moja ukatoka ukumbini na maswali tele. Usiwe na wasiwasi, kwa kuwa utangulizi huu umeandikwa kwa ajili yako hasa. Sikudai ujue jina la mtunzi yeyote wala uwe umewahi kupanda jukwaani. Ninachokuomba ni subira kidogo tunapoweka msingi, kwa sababu wengi wanaoingia katika taaluma hii hukimbilia kanda na masanduku ya karatasi kabla hawajajiuliza swali la kwanza kabisa: hicho tunachotaka kukihifadhi kiko wapi?

Tuelewane kwanza kuhusu istilahi chache. Dansi ya kisasa, kwa maana itakayotumika humu, ni sanaa ya jukwaani iliyochipuka Marekani na Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, pale wasanii kama Isadora Duncan, na baada yake Martha Graham, walipoziacha kanuni za baleti na kutafuta miondoko yao wenyewe. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi asiichanganye na muziki wa dansi wa bendi zetu. Huo una historia yake nyingine na utamu wake mwingine. Mtunzi wa dansi ni yule anayebuni miondoko, akaipanga katika muda na katika nafasi ya jukwaa, kisha akawafundisha wachezaji. Kazi yake iliyokamilika tutaiita tungo. Tungo ina jina, ina mwaka ilipoonyeshwa mara ya kwanza, na ina mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Riwaya ikishachapwa inaweza kukaa rafuni miaka mia bila kusomwa na mtu, na siku mtu akiifungua atayakuta maneno yote. Tungo ya dansi haina rafu ya namna hiyo. Makao yake ni miili ya watu walioijifunza: magoti yanayokumbuka uzito, macho yanayojua wapi pa kutazama, pumzi inayoshushwa kabla ya kuruka. Mtunzi humfundisha mchezaji, na mchezaji huyo akizeeka humfundisha mwingine. Wataalamu huuita utaratibu huu urithishaji wa mwili kwa mwili, na kwa sehemu kubwa ya historia ya dansi ya kisasa ndio uliokuwa njia kuu ya kuitunza.

Unaweza kuniuliza: je, ngoma zetu za jadi nazo haziishi mwilini? Naam, na ulinganisho huo unafaa sana. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hata ikiwa hatarini, ina vijiji vizima vya watu walioiona harusini na mazishini, na mzee mmoja akifa wapo wengine wanaoijua. Tungo ya mtunzi wa kisasa pengine inajulikana na watu 6, au 10, au 15 duniani kote, yaani kikosi kilichoicheza. Hao wakiondoka hakuna kijiji cha kwenda kuuliza.

Sasa fikiria kwamba wanaondoka wote ndani ya miaka michache.

Enzi ya UKIMWI ninayoizungumzia ni kipindi kinachoanzia Juni 1981, taarifa za kwanza za kitabibu kuhusu ugonjwa huu zilipotolewa Marekani, hadi mwaka 1996, tiba ya kuchanganya dawa kadhaa ilipoanza kuwarudishia wagonjwa uhai. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki maneno hayo huleta picha za Rakai na Kagera, za nyumba walimobaki mabibi na wajukuu. Picha hizo ni za kweli na ugonjwa ni ule ule. Kitabu hiki kinaufuata katika jamii nyingine, ya wachezaji na watunzi wa New York, San Francisco, Paris na Montpellier, ambako wanaume vijana, wengi wao mashoga, walikufa kwa kasi iliyowafanya wenzao waende mazishini na mazoezini katika wiki moja.

Mtunzi Arnie Zane alifariki Machi 1988 akiwa na miaka 39. Mwezi huo huo alifariki Robert Joffrey, mwasisi wa kundi la baleti lenye jina lake. Alvin Ailey alifariki tarehe 1 Desemba 1989. Dominique Bagouet, mmoja wa watunzi wakubwa wa Ufaransa wa kizazi chake, alifariki Desemba 1992 akiwa na miaka 41. Mtunzi Ulysses Dove alifariki Juni 1996, mwaka ule ule tiba mpya ilipoanza kuenea. Hayo ni majina ya watu walioandikwa magazetini. Nyuma yao walikuwapo wachezaji, mafundi wa taa, washonaji wa mavazi na wapiga picha, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kumbukumbu ambacho hakikuandikwa popote.

Ili uone vizuri hasara hii, mlinganishe Zane na mtunzi mwingine, Merce Cunningham. Cunningham alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 90. Kabla ya hapo alikaa na wasaidizi wake wakapanga kila kitu: kundi lake lifanye ziara ya mwisho, lifungwe tarehe 31 Desemba 2011, na tungo zake ziwekwe katika mafungu ya kidijitali yenye video, maelezo ya taa, michoro ya mavazi na muziki, chini ya wadhamini aliowateua mwenyewe. Alikuwa na muda. Mtu aliyegundulika na UKIMWI mwaka 1986 alikuwa na miezi, na miezi hiyo aliitumia kutunga. Nani angemlaumu?

Kuna jambo jingine ambalo anayeanza hukutana nalo mapema na kuchanganyikiwa: nyaraka zenyewe zimenyamaza. Alvin Ailey ndiye mfano unaojulikana zaidi. Alizaliwa Texas mwaka 1931 katika umaskini wa Kusini mwa Marekani, akaanzisha kundi lake New York mwaka 1958, na mwaka 1960 akatunga Revelations, tungo iliyojengwa juu ya nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi na ambayo imetazamwa na watu wengi kuliko karibu tungo yoyote ya dansi ya kisasa. Alipofariki, chanzo kilichotangazwa kilikuwa ugonjwa wa damu. Mwenyewe alitaka hivyo ili kumkinga mama yake na unyanyapaa. Ukweli ulifahamika baadaye.

Unyanyapaa, kwa hiyo, ni suala la nyaraka pia. Familia nyingi zilichoma barua. Matangazo ya vifo yalitaja nimonia, saratani, au ugonjwa mrefu. Tena, Marekani ya wakati ule haikutambua kisheria uhusiano wa wapenzi wa jinsia moja, hivyo marehemu asipoacha wosia, mali yake ilikwenda kwa wazazi au ndugu. Daftari za mazoezi, picha na kanda ziliangukia mikononi mwa watu ambao pengine hawakuwahi kuitazama kazi ya mtoto wao, huku mtu aliyelala naye chumba kimoja miaka kumi akibaki mlangoni. Ukikuta sanduku la marehemu lina mikataba na vipande vya magazeti tu bila hata barua moja, usidhani hakuwa na wa kumwandikia. Uliza sanduku lilipita kwa nani.

Hayo ni mazingira. Tuje kwenye vifaa vya kazi, na nitakwenda taratibu, kwa kuwa hapa ndipo maneno mapya yanapoanza kumiminika.

Kifaa cha zamani zaidi ni maandishi ya dansi, yaani mfumo wa alama za kuandika miondoko kama noti zinavyoandika muziki. Unaotumika sana katika dansi ya kisasa ni ule uliochapishwa na Rudolf Laban mwaka 1928, na tangu mwaka 1940 kuna ofisi maalumu New York, Dance Notation Bureau, inayoandika na kutunza tungo kwa mfumo huo. Ukiuona mara ya kwanza unaweza kukata tamaa, nami nakusihi usikate. Chora mstari wa kati ulio wima: huo ni uti wa mgongo wa mchezaji. Kulia kwake kuna alama za upande wa kulia wa mwili, kushoto za upande wa kushoto. Ukurasa husomwa kutoka chini kwenda juu. Umbo la alama hukuambia mwelekeo: mbele, nyuma, pembeni. Alama ikijazwa weusi, mwondoko ni wa chini. Ikiwa na nukta, ni wa kati. Ikiwa na mistari ya mshazari, ni wa juu. Urefu wa alama ni muda: alama ndefu ni mwondoko wa polepole, fupi ni wa haraka. Kwa maelezo hayo machache tayari unaweza kutambua kwenye karatasi mtu anayepiga hatua ya polepole, ya chini, kwenda mbele kwa mguu wa kulia. Yaliyobaki ni mazoezi.

Ubaya wake ni gharama. Kuandika tungo moja kwa mfumo wa Laban humchukua mtaalamu muda mrefu wa kukaa mazoezini. Watunzi vijana wa miaka ya 1980, waliokuwa wakifanyia mazoezi katika maghala na kumbi za makanisa, hawakuwa na fedha hizo. Walichokuwa nacho ni kamera ya video.

Video ilionekana kama jibu la kila kitu, na kwa kweli bila video tungo nyingi za enzi hii zisingebaki na alama yoyote. Lakini kanda ina udhaifu wa aina mbili, na ningependa uujue vizuri kabla ya kugusa hata moja. Wa kwanza ni wa kimwili. Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe ndogo za sumaku zilizoshikwa na gundi. Gundi hiyo hufyonza unyevu, ikalegea na kunata. Ukiicheza kanda ya namna hiyo, unga wake hubanduka na kubaki kwenye kichwa cha deki, na picha huondoka nao. Deki zenyewe zinatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Kwa hiyo kanda za miaka ya 1980 zisizohamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali zimo katika mbio zake za mwisho. Ukipewa kanda ya zamani, tafadhali usiitie kwenye deki kwa shauku. Mpelekee fundi wa kuhamisha kanda, kwa sababu huenda imebakiza kuchezwa mara moja tu.

Udhaifu wa pili ni mgumu zaidi kuuona. Kanda huonyesha onyesho moja la usiku mmoja. Kamera iliwekwa nyuma ya ukumbi, taa zilikuwa hafifu, na wachezaji wanaonekana kama vivuli. Mmoja alikosea akageukia kushoto badala ya kulia. Miaka 30 baadaye kijana anajifunza kosa lile kwa uaminifu mkubwa, akiamini ndivyo ilivyotungwa. Na katika enzi ya UKIMWI kuna la ziada: mara nyingi usiku ule kuna mtu kikosini aliyekuwa mgonjwa, na tungo ilikuwa imebadilishwa ili aweze kuicheza.

Niruhusu nikae hapa kidogo, maana tumefika kwenye mfano utakaoufuata kitabu kizima.

Arnie Zane alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mchezaji. Alikutana na Bill T. Jones mwaka 1971 katika chuo kikuu cha Binghamton, jimbo la New York. Wakawa wapenzi na washirika wa kazi, na mwaka 1982 wakaanzisha kundi lililobeba majina yao yote mawili. Jones alikuwa mrefu, Mmarekani Mweusi, mwenye mwondoko unaotiririka. Zane alikuwa mfupi, Mzungu kutoka Bronx, mwenye pembe kali na mikato ya ghafla, kana kwamba kila tendo limenaswa na kamera. Mwaka 1977 Zane alitunga mfululizo wa ishara za mikono aliouita Hand Dance. Baada ya kifo chake Jones aliukuza ukawa tungo ya kundi zima, Continuous Replay, inayochezwa mpaka leo.

Itazame kwa karibu. Ishara ni 45. Mchezaji anaonyesha ya kwanza. Kisha anarudia ya kwanza na kuongeza ya pili. Kisha ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Namna hii ya kujenga tungo huitwa ulimbikizaji. Wachezaji huanza wakiwa uchi na huvaa nguo kidogo kidogo onyesho linavyoendelea, wakizunguka kingo za jukwaa. Mmoja wao hushika mfululizo bila kuuacha huku wengine wakitoka, wakiingia na kucheza pembeni yake.

Je, unaona kwa nini tungo hii inahifadhika vizuri kuliko nyingi? Kanuni yake imo ndani yake. Mtu akisahau ishara ya 17, marudio yaliyotangulia yamekwisha kuipitisha mwilini mara nyingi, na mwenzake aliye jirani anayo. Idadi inajulikana, mpangilio unajulikana, na makosa huonekana haraka. Zane hakuitunga kwa ajili ya kuhifadhiwa. Ila jicho lake la mpiga picha, lililopenda kitu kimoja dhahiri kikifuatwa na kingine, lilimwachia Jones kitu chenye kingo zinazoshikika. Funzo la kwanza la kiufundi ningependa ulibebe ni hili: kabla ya kuuliza tungo iliachwa katika kanda gani, uliza imejengwaje. Ujenzi wake utakuambia nini kinaweza kurejeshwa kwa uhakika na nini kitahitaji kukisiwa.

Sasa iweke kando yake D-Man in the Waters. Jones aliitunga mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo cha Zane, kwa muziki wa nyuzi wa Mendelssohn, ule wa ala nane alioutunga akiwa na miaka 16. Jina la tungo linatokana na jina la utani la mchezaji wa kundi, Demian Acquavella, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa UKIMWI. Wachezaji wanateleza kwa vifua sakafuni kama wanaoogelea, wanarukia mikononi mwa wenzao, wanabebana, wanaangushana na kuinuana kwa kasi isiyowapa nafasi ya kupumua. Acquavella hakuwa na nguvu tena za miguu. Jones alimbeba jukwaani, naye akacheza sehemu yake kwa mikono. Alifariki mwaka 1990.

Basi nikuulize wewe, kama ungekuwa ndiye unayeirejesha tungo hii jukwaani: sehemu ile ni ipi? Ni miondoko kamili aliyoifanyia mazoezi alipokuwa na afya? Ni mikono peke yake? Ni ule ukweli kwamba mtunzi mwenyewe alimbeba mchezaji wake mbele ya watu? Maandishi ya Laban yanaweza kuandika mkono umenyooshwa upande gani na kwa muda gani. Hayana alama ya kuonyesha kwamba anayebeba amefiwa na mwenzake mwaka uliopita na anajua kwamba anayebebwa naye anaondoka.

Ninaamini jibu moja la kweli la swali hili lilitolewa na Rosalynde LeBlanc. Aliingia katika kundi la Jones mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaijifunza tungo kwa waliokuwa wameicheza, na miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu katika chuo kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles, aliwafundisha wanafunzi wake. Kazi hiyo inaonekana katika filamu Can You Bring It, aliyoielekeza pamoja na Tom Hurwitz. Wanafunzi wake walizaliwa baada ya dawa kupatikana. Miondoko waliishika, kwa kuwa walikuwa na miili imara na kanda za kutazama, lakini kurukia mikononi mwa mwenzako kwa namna unayojua ukikosa kudakwa umekwisha hakupatikani kwenye kanda. LeBlanc aliwakalisha na kuwauliza wao wenyewe wamebeba msiba gani, kizazi chao kinaogopa nini, nani kati yao anamtegemea nani. Kisha wakarudi mazoezini.

Wapo wanazuoni wanaotilia shaka njia hii. Wanasema inaibadilisha tungo: UKIMWI wa 1989 unageuzwa kuwa huzuni yoyote ile, na hasira ya kisiasa ya wakati ule, dhidi ya serikali iliyochelewa kutenda, inafifia. Hoja yao ina uzito, na utaikuta tena mbele. Mimi naona wana haki ya kudai historia ifundishwe pamoja na miondoko, tena kwa majina na miaka. Ila kijana asiyejua kwa nini anaruka hataruka kama inavyotakiwa, hata ukimpa historia yote. LeBlanc alifanya yote mawili.

Ufaransa walipita njia nyingine, nayo inastahili kutazamwa kwa makini na yeyote atakayeanza kazi hii. Dominique Bagouet aliongoza kituo cha dansi cha Montpellier tangu 1980 na kuanzisha tamasha la dansi la mji huo. Mtindo wake ulikuwa wa mambo madogo: kidole kinachopinda, shingo inayogeuka nusu, jicho linalomfuata mtu asiyekuwapo. Alipofariki, wachezaji wake walibaki bila kiongozi na bila kundi. Mwaka 1993 waliunda chama, Les Carnets Bagouet, yaani daftari za Bagouet. Hawakumteua mrithi mmoja. Walikutana, wakabishana, wakaamua pamoja tungo ipi irejeshwe, kwa wachezaji gani, na nani kati yao aisimamie.

Walibishana kweli kweli, kwa sababu walipoketi kukumbuka, kumbukumbu zao hazikulingana. Mmoja aliicheza sehemu fulani mwaka 1984, mwingine aliirithi mwaka 1987 baada ya Bagouet kuirekebisha. Yupi ana tungo halisi? Walichokiona, na ambacho kinanisisimua kila ninapokifikiria, ni kwamba Bagouet aliwapa wachezaji wake sehemu kubwa ya ubunifu. Kidole kile kilichopinda kilikuwa cha mchezaji fulani, kilitokana na mwili wake, na Bagouet alikipenda akakiacha. Kumpa mtu mwingine sehemu hiyo ni kumweleza kilitoka wapi na kumruhusu atafute cha kwake. So Schnell, tungo yake ya mwaka 1990, iliingia hata katika baleti ya Opera ya Paris. Catherine Legrand, aliyecheza katika kundi lake, ameirejesha tena kwa kizazi kipya, na Jours étranges, pia ya mwaka 1990, imewahi kufundishwa kwa vijana ambao hawakuwa wachezaji wa kulipwa kabisa.

Na asiyeacha kundi wala chama? John Bernd wa New York alitunga na kucheza Surviving Love and Death mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1980, akiuzungumzia mwili wake uliokuwa ukiugua ugonjwa ambao ulikuwa bado haujaeleweka. Alifariki mwaka 1988 na kazi yake ikakaribia kusahaulika. Mwaka 2016 rafiki yake Ishmael Houston-Jones, pamoja na Miguel Gutierrez, walichukua mabaki ya tungo zake kadhaa na kuyaunganisha kuwa onyesho jipya lililochezwa na vijana katika kanisa la St. Mark's. Hawakudai kwamba ni tungo ya Bernd ilivyokuwa. Walilitangaza kama mabadilisho juu ya kazi yake, na unyofu huo ndio ninaoupenda: mtazamaji alijua anachokitazama.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa kuwa ina sura yake. Hakimiliki ni haki ya mtunzi kuamua nani atumie kazi yake. Marekani, tungo za dansi zilitajwa waziwazi katika sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, kwa sharti kwamba tungo iwe imenaswa mahali fulani, kwa video au kwa maandishi. Kwa hiyo ile kanda hafifu ya nyuma ya ukumbi ni kumbukumbu na pia ushahidi wa umiliki. Lijue hilo kabla ya kumwomba mtu akuazime.

Limebaki jambo moja la kukuandaa nalo kabla hujaingia sura ya kwanza. Mapema au baadaye utaketi mbele ya mchezaji wa enzi ile, ambaye sasa ana miaka 60 au 70, na utatakiwa kumhoji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York ilianza kukusanya mahojiano ya watu wa dansi walioishi na UKIMWI, na ukiyasikiliza utagundua kwamba maswali mazuri ni ya kawaida kabisa. Usianze na kifo. Anza na chumba: mlifanyia mazoezi wapi, sakafu ilikuwa ya mbao au saruji, nani alikuwa na ufunguo, mlikula nini. Sakafu ya saruji itakuambia kwa nini tungo ile haina miruko mingi. Kisha mwombe asimame, kama anaweza, akuonyeshe. Usimkatize akikosea, mara nyingi mkono hukumbuka ukiachwa uendelee, na mtu aliyesema amesahau kila kitu hujikuta yuko katikati ya tungo. Hapo mwulize swali moja tu: aliyekuwa kulia kwako hapa alikuwa nani, na alikuwa anafanya nini? Kwa njia hiyo unapata sehemu mbili kwa mtu mmoja, na ya pili pengine ni ya mtu aliyefariki mwaka 1987 bila kuandikwa popote.

Rekodi kwa kamera mbili, moja ya mwili mzima na moja ya mikono na uso. Andika siku hiyo hiyo tarehe, mahali, jina la tungo na majina yote aliyoyataja, na mwombe ruhusa ya maandishi inayosema wazi nani ataweza kuyaona mahojiano na lini. Baadhi watakuambia jambo fulani lisitolewe mpaka dada wa marehemu afariki. Lifunge kama walivyoomba.

Sura ya kwanza inaanza na ishara 45 za Zane. Tafuta chumba chenye nafasi ya hatua nne kila upande, vua viatu, na uisome ukiwa umesimama.